SOMO: "Ni Uzee Tu" – Au Ni Sukari?



Mara nyingi tunasikia: "Nyanya anaamka usiku kukojoa, ni uzee tu." "Mzee amekonda, ni miaka hiyo." Pengine ni kweli. Lakini pengine ni ugonjwa wa sukari, na tukingoja tu, macho, figo na miguu vinaharibika polepole.

Insulini ni nini?
Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Ndani yake chembe ndogo sana hutengeneza insulini. Tukila ugali au viazi, sukari huingia katika damu. Insulini ni kama ufunguo: hufungua mlango, sukari iingie kwenye misuli na kuwa nguvu.

Uzeeni kunabadilika nini?
1. Kongosho huchelewa. Kwa kijana insulini hutoka dakika chache tu baada ya sukari kupanda. Kwa mzee hutoka polepole na huweza kuwa kidogo, basi sukari inakaa juu kwa muda mrefu baada ya kula.
2. Misuli hupungua na mafuta ya tumbo huongezeka. Hata insulini iliyopo haifanyi kazi vizuri. Kongosho iliyochoka inadaiwa kazi zaidi!

Si kila mzee atapata sukari. Lakini wengine wanayo bila kuhisi kiu wala dalili yoyote.

Tufanye nini?
• Tuwapeleke wazee wapimwe. Kabla ya kula asubuhi, kipimo cha 7.0 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kuwa hivyo, ni ugonjwa wa sukari.
• Watembee au walime, hata dakika 30 kwa siku. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari yenyewe.
• Ugali upungue kidogo, mboga na maharagwe yaongezwe. Chai iwe na sukari kidogo au isiwe nayo.
• Anayemeza dawa za sukari asikae njaa. Akitetemeka, akitoka jasho au akichanganyikiwa, huenda sukari imeshuka. Kama anaweza kumeza, apewe maji ya sukari upesi, kisha apelekwe hospitali.
• Tukague nyayo zake kila siku. Kidonda kidogo kisidharauliwe.

Maswali ya kujadiliana
1. Katika kikundi chetu, ni wazee wangapi hawajawahi kupimwa?
2. Nani atawasindikiza, na nauli itatoka wapi?