Kompyuta Imejisasisha Usiku, Asubuhi Haiwaki: Fundi Anajibu

Jumatano inayofuata Jumanne ya pili ya mwezi huwa nafungua duka mapema. Najua kabla ya saa nne ataingia mtu na laptopu kwapani na maneno yale yale: "Fundi, jana niliizima ikiwa nzima, leo haiwaki." Mara nyingi siku hiyo chanzo si kirusi wala umeme, ni sasisho la Windows lililoingia usiku. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi, na majibu ninayompa mteja akiwa amesimama mbele ya meza yangu.

Kwa nini kompyuta inajisasisha bila kuniomba ruhusa?

Kwa sababu tulipoachiwa hiari, wengi hatukusasisha. Tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, mwenye toleo la nyumbani hakupewa kitufe cha kulikataa sasisho kabisa; siku hizi anaweza tu kuliahirisha. Microsoft hutoa marekebisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, asubuhi ya kwao Marekani. Kwa saa za Afrika Mashariki ni saa mbili au saa tatu usiku, ndiyo maana matatizo tunayakuta Jumatano.

Ubaya wa kutosasisha dunia iliuona mwaka 2017. Tarehe 14 Machi Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja ndani ya Windows. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, programu hasidi ya WannaCry ilipita kwenye tundu hilo hilo na kufunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za umma Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya maelfu ya wagonjwa. Dawa ilikuwa imeshatoka. Kompyuta nyingi zilizopigwa hazikuwa zimepewa.

Nachapa kazi za watu, foleni imejaa, mashine imeanza kusasisha na imegota asilimia 35. Niizime?

Usiizime. Wakati huo inabadilisha mafaili ambayo Windows yenyewe inayahitaji ili iwake, na ukikata umeme katikati unaweza kuiacha nusu ya zamani, nusu mpya. Asilimia kugota si dalili ya kufa. Mashine yenye diski ngumu ya kizamani, ile inayozunguka, inaweza kukaa pale pale saa nzima. Tazama kitaa kidogo cha diski: kikipepesa, kazi inaendelea. Zikipita saa tatu na kitaa kimetulia tuli, hapo ndipo ukandamize kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi mpaka izime.

Laptopu ichomeke kwenye chaja mara tu uonapo maandishi ya kusasisha. Kompyuta ya mezani, kwa umeme wetu wa kukatika-katika, iwe na UPS, yaani betri ya akiba. Ili yasijirudie, fungua mipangilio, ingia "Windows Update", utafute "Active hours" na uweke saa zako za kazi. Inakubali hadi saa 18 kwa siku. Ndani ya saa hizo mashine haitajizima na kujiwasha ili kumalizia sasisho. Ukiwa na kipindi cha kazi nyingi, kama cha usajili wa wanafunzi, bonyeza "Pause updates". Unaweza kuahirisha hadi wiki tano.

Imemaliza kusasisha, sasa inazunguka tu au inaleta skrini ya bluu. Nifanye nini?

Kwanza chomoa kila kilichochomekwa: flashi, printa, diski ya nje. Washa tena. Ikikataa, iwashe, na alama ya Windows inapotokea tu, izime kwa kitufe. Rudia mara tatu. Kwa kawaida safari inayofuata italeta ukurasa wa matengenezo. Chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options", kisha "Uninstall Updates". Hapo utaulizwa uondoe sasisho la aina gani: la kila mwezi au lile kubwa linalobadilisha toleo zima. Anza na la kila mwezi. Kama lililoingia ni toleo jipya zima, kwa kawaida una siku 10 tu za kurudi kwenye la zamani. Zikipita, mafaili ya kurudia hufutwa ili kupisha nafasi.

Hii ndiyo njia rahisi, na inashangaza ni mafundi wangapi wanairuka. Wanakimbilia kupiga Windows upya na kufuta kila kitu, kumbe kilichohitajika ni kuondoa sasisho moja. Kabla hujamwachia fundi mashine, mwambie wazi: mafaili yangu yatolewe kwanza. Hata kompyuta isiyowaka, diski yake huweza kusomwa kwa kuiwasha kwa flashi yenye mfumo mwingine, isipokuwa iwe imefungwa kwa ufunguo.

Baada ya sasisho inanidai ufunguo wa tarakimu 48. Mimi sijawahi kuweka ufunguo wowote.

Swali hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Laptopu nyingi za sasa, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft siku ya kwanza, hujifungia diski zenyewe ili mwizi asisome mafaili yako. Ufunguo huo ni wa BitLocker, kufuli ya diski iliyomo ndani ya Windows. Siku zote unakaa kimya, lakini sasisho likigusa sehemu fulani za mashine, kompyuta inaweza kudhani imechezewa na kuudai.

Kwa kawaida ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika kuiwasha mara ya kwanza. Chukua simu, ingia katika akaunti yako ya Microsoft, fungua orodha ya vifaa vyako, utauona.

Tatizo linakuja pale akaunti isipokuwa yako. Aliwahi kuniletea laptopu mwanafunzi wa chuo, ripoti yake ya utafiti ikiwa humo peke yake, zimebaki siku nne aiwasilishe. Tulijaribu barua pepe zake zote mbili, hakuna kitu. Mwishoni akakumbuka kwamba duka lililomuuzia ndilo lililoiandaa. Muuzaji alikuwa ametumia barua pepe yake mwenyewe, ile ile kwa kila laptopu aliyouza. Tukamfuata, akapekua orodha ndefu ya mashine, tukalinganisha namba za utambulisho moja moja, na siku ya pili ufunguo ukapatikana. Muuzaji angekuwa amesahau nywila, ripoti ingekuwa imepotea. Bila ufunguo huo hakuna fundi wa kuifungua, na anayekuahidi kwamba ataweza anakula hela yako.

Sasisho linamaliza bando langu.

Fungua mipangilio ya Wi-Fi, chagua mtandao unaotoka kwenye simu yako, uwashe "Metered connection". Windows itajua kwamba data inalipiwa kwa kipimo na itaacha kupakua masasisho mengi. Kisha ndani ya "Windows Update" tafuta "Delivery Optimization", uzime ruhusa ya kugawana na kompyuta nyingine kwenye intaneti. Ikiwa imewashwa, mashine yako huweza kuwatumia wengine masasisho kwa bando lako. Lakini usiishie hapo. Mara moja kwa mwezi ipeleke kwenye intaneti isiyo na kipimo, ofisini au chuoni, ipakue yote kwa pamoja.

Printa imeacha kufanya kazi. Nimeharibu mimi?

Pengine hapana. Mwezi Machi 2021 sasisho la Windows liliangusha kompyuta kwa skrini ya bluu kila walipochapa watu wenye printa za aina fulani, na Microsoft ikatoa marekebisho siku chache baadaye. Ondoa printa kwenye mipangilio, weka upya draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji, ujaribu. Ikikataa, ondoa sasisho, uahirishe wiki moja, kisha uliruhusu tena.

Kwa nini basi nisizime masasisho kabisa?

Kwa sababu sasisho baya linakupotezea siku, ila tundu lililoachwa wazi linaweza kukupotezea kila kitu. Sisemi kwamba Microsoft haikosei. Toleo la Oktoba 2018 lilifuta nyaraka za baadhi ya watumiaji hadi likasimamishwa kwa muda, na waliokuwa na nakala mahali pengine walipona. Windows 10 yenyewe ilimaliza muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na anayeendelea nayo bila mpango wa nyongeza hapati tena marekebisho ya usalama.

Basi, ndugu msomaji, acha masasisho yaingie, ila uyachagulie saa. Leo kabla hujalala nakili kazi zako kwenye flashi, uichomoe na kuiweka kando. Kisha tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48, uuandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo isikae kwenye mfuko wa laptopu.