Kulinganisha Jeni za AFT katika Hamira Tatu

AFT1 na AFT2 ni jeni za protini (Aft1 na Aft2) zinazodhibiti jeni za madini ya chuma katika hamira. Andaa kompyuta yenye programu za BLAST+, MAFFT na IQ-TREE. Spishi ni Saccharomyces cerevisiae, Candida glabrata (sasa pia Nakaseomyces glabratus) na Kluyveromyces lactis. Usiongeze Candida albicans: humo udhibiti mkuu wa madini ya chuma umeshikwa na Sfu1, Sef1 na Hap43.

Jeni ndugu: jeni za spishi tofauti zilizotokana na jeni moja ya babu yao. Jeni pacha: jeni mbili za spishi moja zilizotokana na kurudufiwa kwa jenomu. Promota: herufi 1,000 za DNA zinazotangulia mwanzo wa jeni.

1. Pakua protini zote za kila spishi katika faili yake. Hakiki: Aft1 ya S. cerevisiae (YGL071W) ina amino asidi 690; Aft2 (YPL202C), 416.

2. Tafuta Aft1 na Aft2 kwa blastp katika faili mbili nyingine, thamani ya E isizidi 0.00001. Kisha tafuta kinyume: kila protini uliyopata ipeleke kwenye faili ya S. cerevisiae. Bakiza ile tu ambayo jibu lake la kwanza ni Aft1 au Aft2. Hakiki: C. glabrata 2, K. lactis 1, kwa kuwa K. lactis ilitengana na wenzake kabla ya jenomu kurudufiwa.

3. Linganisha majirani wa kila jeni katika Yeast Gene Order Browser. Usiruke hatua hii. Pacha mmoja akibadilika haraka, BLAST hukupeleka kwa mwenzake.

4. Panga protini zote 5 kwa MAFFT. Hakiki: herufi C-D-C, nafasi ya 291–293 katika Aft1 na 187–189 katika Aft2, zimeangukia safu zilezile. Sisteini (C) ya 291 ikigeuzwa fenilalanini, Aft1 hufanya kazi hata chuma kikiwa tele. Safu hizo zikipishana, mpangilio haufai.

5. Chora mti kwa IQ-TREE, bootstrap 1,000, mzizi ukiwa K. lactis.

6. Kata promota za FET3 na FTR1, jeni za kuingiza chuma zinazodhibitiwa na Aft1, na za jeni ndugu zao. Jeni iliyo kwenye uzi wa pili, kwanza geuza mfuatano wake kinyumenyume na ubadilishe kila herufi kwa mwenzake (A kwa T, G kwa C).

7. Katika promota hizo tafuta TGCACCC, mfuatano unaoshikwa na Aft1, na GGGTGCA kwa ajili ya uzi wa pili. Hakiki: promota ya FET3 ya S. cerevisiae lazima itoe jibu. Sasa panua utafutaji: ACACCC na GCACCC, pamoja na GGGTGT na GGGTGC. Protini ya Aft ya K. lactis hutambua umbo hili pana, hivyo anayeishia kwenye TGCACCC anaweza kudai kimakosa kwamba K. lactis imepoteza udhibiti.

8. Rudia hatua ya 7 kwenye promota 1,000 za kubahatisha za kila spishi. Herufi 6 hujitokeza zenyewe mara nyingi mno. Andika kiwango cha promota za hatua ya 7 na cha promota za kubahatisha kando kwa kando, spishi kwa spishi. Bila kiwango cha kubahatisha, usitoe hitimisho lolote.