Presha ya alfajiri na neva zinazoipandisha

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 61 na ana presha. Kliniki kila akipimwa anaambiwa iko sawa. Jirani yetu naye aliambiwa hivyo hivyo, lakini alfajiri moja akaanguka kwa kiharusi akielekea msalani. Inakuwaje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Pole kwa yaliyompata jirani yako. Kipimo cha kliniki huonyesha presha ya dakika ile tu. Saa zilizobaki hupanda na kushuka, na mwongozaji mkuu ni mfumo wa neva.

Neva za simpathetiki hutuandaa kukabili hatari: moyo hudunda kwa nguvu, mishipa ya damu hubana, figo huzuia chumvi na maji. Breki yake iko shingoni, kwenye ateri zinazopeleka damu kichwani. Humo mna vihisio vinavyotambua presha ikipanda na kuuarifu ubongo uishushe. Kwa aliyeishi na presha miaka mingi, ateri hukakamaa, vihisio huzoea kiwango cha juu, na breki hulegea.

Mtu anapoamka na kusimama, neva hizo huchangamka na presha hupanda. Kwa mgonjwa inaweza kupanda mno. Mshipa mwembamba uliodhoofika ndani ya ubongo unaweza kupasuka. Wenye mafuta ukutani unaweza kuchanika, damu ikaganda na kuuziba. Ndiyo maana viharusi hutokea zaidi kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 mchana. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini yuko hatarini zaidi, maana neva zake hushtuliwa usiku kucha wakati presha ilipaswa kushuka.

Kwa hiyo mpimeni mama nyumbani, asubuhi kabla ya dawa na chai, na tena jioni, kwa siku 7. Akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu ikanyage sakafu, mkono uwe mezani usawa wa moyo. Pimeni mara 2 na kuandika daftarini. Wastani ukifika 135/85 au zaidi, mpelekeeni daktari daftari hilo.

Dawa asiache hata akijisikia mzima. Baadhi, kama klonidini na propranololi, zikikatishwa ghafla, neva zilizokuwa zimetulizwa huchachamaa, na presha yaweza kupita ile ya mwanzo. Apunguze chumvi, na kama anakoroma sana, amweleze daktari.

Siku mdomo wake ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakimkwama, msimwongezee vidonge vya presha, msimpe chakula wala maji, wala msianzie kwa mganga. Angalieni saa dalili zilipoanza, kisha mkimbizeni hospitali kubwa yenye kipimo cha CT. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, baada ya kipimo hicho kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Kila dakika inayopotea njiani huua sehemu ya ubongo ambayo ingeweza kuokolewa.