Silinda hedi iliyopasuka: ichomelewe au la?

SWALI: Nina Peugeot 504 ya marehemu baba hapa Bukirasazi. Ilichemka njiani kutoka Gitega, na sasa silinda hedi ina ufa kwenye njia ya maji. Fundi wa mageti anataka kuichomelea. Nimkubalie?

JIBU: Kwa mashine ya mageti, usikubali kabisa. Silinda hedi hiyo ni ya alumini ya kusubu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini utando wa oksidi unaoifunika juu hustahimili zaidi ya 2,000, hivyo ndani hubomoka kabla juu hapajashikana. Tafuta mwenye mashine ya TIG ya umeme wa AC na gesi ya argoni.

Sehemu ngumu ni usafi. Alumini ya kusubu hunyonya oili miaka yote, na oili hiyo ikipata moto hutoboa mshono kwa mapovu. Hedi ioshwe, ipashwe moto taratibu, isuguliwe tena. Ncha za ufa zitobolewe kwa keekee ili usiendelee, na ufa wenyewe uchimbwe hadi uishe. Ikishachomelewa ipoe polepole, ijaribiwe kwa shinikizo la maji, kisha uso usawazishwe kwa mashine. Ufa ukiwa umefika kwenye viti vya valvu, ningekushauri utafute nyingine.