SOMO: Kabla ya kutia sahihi na kampuni ya madini



Katika mikutano ya vijiji hapa Maniema tunasikia mara nyingi: "Kampuni imetuahidi shule na barabara." Tukiuliza ahadi hiyo imeandikwa wapi, watu wanatazamana. Ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Sheria inasema nini?

Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inaitaka kampuni inayochimba iandikiane na wenyeji daftari la masharti: kitajengwa nini, wapi na lini. Tena inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Ni mauzo, si faida. Ikiuza madini ya dola 10,000,000, fungu la jamii ni dola 30,000, hata ikisema imepata hasara.

Fungu hilo si lile la asilimia 15 ya mrabaha, ambalo ni la sekta au usultani wenye mgodi. Ni mafungu mawili. Ulizeni yote mawili.

Nani anasema kwa niaba ya nani?

Chifu akitia sahihi peke yake, ndugu zetu Mbilikimo wanapata habari mwishoni, na huku msitu unaokatwa ndio chakula na dawa yao. Sheria Na. 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki zao, na wasihamishwe bila ridhaa yao ya hiari, iliyotolewa mapema na kwa kuelewa.

Tukumbuke Namoya, katika eneo la Kabambare. Mgodi wa dhahabu wa Banro ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016. Mwaka 2019 kazi ilisimamishwa kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Kampuni inaweza kuondoka, kijiji kinabaki.

Tufanye nini?

1. Daftari lisomwe lote kwa Kiswahili, mbele ya wote, kabla ya sahihi.
2. Wanawake, vijana, wachimbaji wa mikono na Mbilikimo wachague wasemaji wao wenyewe.
3. Nakala moja ibaki kijijini, na kamati iifuatilie kila miezi mitatu.

Swali la kujadili: Katika kijiji chenu, nani anajua kilichoandikwa kwenye daftari, na nani hajaulizwa bado?