Ualimu wa Chekechea Hufunzwa Kazini

Wahenga walinena, "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta." Maana yake ni kwamba mtoto anayekaa karibu na fundi, hata kama bado hawezi kufua chuma, atashika mivukuto, na mwisho kazi ataijua. Njia hii ya kujifunza huitwa uanagenzi, na anayejifunza ni mwanagenzi.

Ndugu msomaji, tukisikia neno hilo tunamfikiria seremala, fundi cherehani au makanika wa pale mjini Isiolo. Ni wachache wanaomfikiria mwalimu wa chekechea. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba hapa kwetu Kenya ualimu huo ulijengwa juu ya uanagenzi, na kwamba ni ujuzi kama ufundi mwingine wowote. Naandika kwa sababu mimi mwenyewe nina nia ya kuifanya kazi hiyo. Kila nikiitaja darasani naulizwa, "Kwani kuimba na watoto nako kunasomewa?" Tena wengine husema, "Wewe ni mvulana, hiyo ni kazi ya akina mama." Jibu langu ni hili.

HISTORIA KWA UFUPI

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, wazazi katika sehemu nyingi za nchi walianzisha shule za chekechea kwa moyo wa Harambee. Walijenga chumba kimoja, wakachanga pesa kidogo, kisha wakamtafuta mama au msichana wa pale kijijini awaangalie watoto. Mara nyingi huyo hakuwa na mafunzo yoyote. Alikuwa na upole wake tu, na pengine kipande cha chaki.

Mwaka 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya ilianza mradi wa elimu ya chekechea kwa msaada wa shirika la Bernard van Leer la Uholanzi. Shida ilikuwa moja kubwa. Walimu walikuwa tayari wako kazini. Ukiwatoa wote uwapeleke chuoni miaka miwili, watoto watabaki na nani? Na karo italipwa na nani, ikiwa mshahara wenyewe ni mchango wa wazazi?

Basi njia ikawa ni kuwafunza wakiwa kazini. Mwaka 1984 kiliundwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, na kuanzia mwaka 1985 vikafuata vituo vya wilaya vilivyoitwa DICECE. Mwalimu alifundisha darasa lake muhula mzima. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba zilipofika, alienda kwa kozi. Alichofunzwa likizoni alikijaribu muhula uliofuata, na mkufunzi alimtembelea darasani kumwona akifanya kazi. Baada ya miaka miwili alipata cheti. Huo ni uanagenzi mtupu.

Huko Pwani nako kulikuwa na mfano mzuri. Mwaka 1986 Bi Swafiya Said alianzisha chekechea ya kwanza ya mpango wa Madrasa mjini Mombasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Hakuleta walimu kutoka mbali. Alichukua wanawake wa mtaa wenyewe, wakafunzwa, na wakufunzi wakaendelea kuwafuata madarasani. Baadaye mpango huo ulivuka ukafika Zanzibar na Uganda.

Hata jirani zetu wa Samburu wana lao. Zamani akina nyanya walikaa na watoto kivulini wakati mama zao wakitafuta maji na kuni. Kivuli hicho huitwa loipi. Katika miaka ya 1990 desturi hiyo ilifufuliwa ikawa chekechea za jamii, na nyanya wakawa walimu wa hadithi, nyimbo na michezo. Kwa hivyo mwalimu si lazima atoke chuoni tu. Chuo kinaweza pia kwenda kumkuta kivulini.

MWANAGENZI HUJIFUNZA NINI?

Likizo ya Agosti niliomba ruhusa kusaidia katika chekechea moja hapa Burat. Mwalimu niliyekaa naye amefanya kazi hiyo miaka mingi. Hakunipa kitabu. Aliniambia, "Kijana, siku tatu za kwanza wewe tazama tu." Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, kutumia jicho. Watoto wanapoingia asubuhi mwalimu husimama mlangoni na kumsalimu kila mmoja kwa jina. Mimi nilidhani ni adabu tu. Kumbe anakagua. Anaona nani ana macho mekundu, nani amekuja bila kula, nani jana alikuwa akicheza na leo amenyamaza. Wakati wa kiangazi kikali, mtoto anayelala mezani saa tatu si mvivu, ana njaa. Mwalimu asiyejua hivyo atamgombeza, na anayejua atauliza kama uji umeiva.

Pili, kutumia mkono. Vifaa vya darasa lile havikununuliwa dukani. Kuna vifuniko vya soda vya kuhesabia, magunzi ya mahindi kutoka mashamba ya kando ya mto Isiolo, na mbegu za miti zilizopangwa kwa rangi na ukubwa. Herufi huandikwa mchangani kwa kidole kabla ya mtoto kupewa penseli. Nilipouliza sababu, mwalimu alinionyesha mtoto aliyebana penseli hadi vidole vikatetemeka. Akasema vidole hivyo bado havijakomaa, na mchanga haumwonei mtu.

Jambo lililonishangaza sana lilikuwa la hesabu. Kulikuwa na mtoto mmoja aliyeshindwa kuhesabu hadi kumi kwenye chati ya ukutani. Mwalimu alimwuliza habari za mbuzi wa kwao. Yule mtoto akawataja mmoja mmoja kwa rangi na pembe, na akasema ni yupi alipotea jana jioni. Siku hiyo mwalimu aliweka vifuniko kumi chini akaviita mbuzi. Mtoto alihesabu bila shida. Mimi nimesoma hesabu miaka mingi lakini sikuwa nimefikiria kwamba chati inaweza kuwa ndiyo yenye makosa.

Tatu, kutumia lugha. Sisi wa Burat tunajua tulivyochanganyika. Maji kwa Kiturkana ni ngakipi, kwa Kiborana ni bisaan, kwa Kisamburu ni nkare, kwa Kimeru ni ruuji, na kwa Kisomali ni biyo. Mtoto wa miaka minne akilia akitaka maji kwa lugha ya mama yake, si haki akae na kiu mpaka ajue kusema "maji". Mwalimu yule anajua maneno machache ya kila lugha, kisha taratibu anamvuta mtoto kwenye Kiswahili. Hapo ndipo nilipoona kazi ya lugha yetu. Haikuja kuziua zile nyingine. Imekuja ili mtoto wa Mturkana na wa Mborana wagawane kikombe bila kuogopana. Sisi wenyeji tunajua kwa nini jambo hilo ni kubwa kuliko alfabeti.

MATATIZO YAKE

Sitaki mtu aseme nimesifu tu. Uanagenzi bila mkufunzi ni kibarua cha bei rahisi. Mtu akiachwa peke yake na watoto wengi, bila wa kumwonyesha, atajifunza jambo moja tu, nalo ni kupiga kelele. Ndiyo sababu ziara za wakufunzi zilikuwa uti wa mgongo wa mafunzo yale.

Jambo la pili ni malipo. Katiba ya mwaka 2010 iliiweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti, na serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Tangu hapo madarasa mengi yamejengwa na walimu wameajiriwa, lakini katika kaunti nyingi walimu hawa wamekuwa wakilalamikia mishahara midogo na mikataba mifupi. Baba yangu analijua hilo. Aliniambia, "Mwanangu, heshima hainunui unga." Sikumjibu, kwa sababu ni kweli. Amesema tutazungumza tena nikileta matokeo ya Kidato cha Nne. Lakini nami nauliza: ikiwa tunakubali kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, mbona anayemkunja ndiye analipwa mwisho?

USHAURI KWA WENZANGU

Anayefikiria kazi hii afanye mambo matatu. Asome kwa bidii, kwa maana siku hizi kaunti zikitangaza nafasi huuliza cheti au diploma, wala upole peke yake hautoshi. Achague chuo ambacho kinampeleka mwanafunzi madarasani kwa mazoezi ya kutosha, na amwulize mwalimu wetu wa ushauri kuhusu alama zinazotakiwa. Mwisho, kabla ya kujaza fomu yoyote, aende akakae na watoto wiki mbili likizoni. Akichoka siku ya tatu, ajue mapema. Akijikuta anangoja kesho ifike, basi ameshaanza kuvukuta.

MSAMIATI

Kusana: kufua chuma.
Kuvukuta: kupuliza moto kwa mivukuto.
Mwanagenzi: anayejifunza kazi kwa kuifanya chini ya fundi.
Mkufunzi: anayewafunza walimu.
Gunzi: kiini cha hindi kinachobaki punje zikitolewa.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya mwanagenzi na kibarua kulingana na makala haya.
2. Kwa nini walimu wa chekechea hawakupelekwa wote chuoni mara moja?
3. Taja neno "maji" kwa lugha tano zinazozungumzwa hapa kwetu, kisha utafute neno "mama" kwa lugha hizo hizo.
4. "Mwalimu wa chekechea anastahili kulipwa sawa na mwalimu wa sekondari." Jadili.