Mafunzo Sita Niliyopata Nikiwasindikiza Watu Mahakamani Tabora

Mimi ni msaidizi wa kisheria, kazi iliyotambuliwa rasmi na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sivai joho wala simtetei mtu mbele ya hakimu. Nawaelekeza watu shauri lao lianzie wapi, waje na karatasi gani na wamebakiwa na siku ngapi. Wengi hutoka vijijini, Urambo, Sikonge na Uyui, na hunifikia wakiwa wameshazungushwa ofisi kadhaa. Kwao nimejifunza kwamba mtu anaweza kuwa na ukweli wote na bado akakosa haki yake kwa kupiga hodi pasipohusika.

1. Anayetawala asiwe ndiye anayehukumu

Tabora inalijua hili kwa historia yake. Karibu mwaka 1860 Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe aliwatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu wa misafara ya pembe za ndovu. Wakakataa. Hapakuwa na mtu wa tatu ambaye pande zote mbili zingemkubali, basi bunduki ndizo zilizoamua. Mnywa Sere akang'olewa, Mkasiwa akasimikwa badala yake, na vita vikaitesa nchi kwa miaka.

Wajerumani walipoingia, mkuu wa boma akawa mtawala na hakimu kwa pamoja. Waingereza, kwa sheria yao ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929, waliwaacha watemi wawahukumu watu wanaowatawala, na rufaa zikawa zinapanda kwa Bwana Shauri, yaani afisa wa utawala wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, hadi kwa Gavana. Mahakama Kuu iliwekwa kando. Mwananchi aliyedhulumiwa na serikali alikuwa anaishtaki serikali kwa serikali.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ndiyo iliyoondoa utaratibu huo na kuziunganisha Mahakama za Mwanzo katika mfumo mmoja na Mahakama Kuu. Leo ibara ya 4 ya Katiba ya mwaka 1977 inagawa kazi za utendaji, kutunga sheria na kutoa haki, na ibara ya 107A inaipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji haki. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Mkuu wa Wilaya ameshaniamulia shamba ni langu," humweleza kwa upole kwamba bado hana hukumu. Mkuu wa Wilaya anaweza kuwapatanisha majirani, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu kuamuru mtu awekwe ndani kwa muda usiozidi saa 48 amani inapohatarishwa. Kuhukumu nani mwenye shamba si kazi yake.

2. Kila shauri lina pa kuanzia

Mirathi ya marehemu aliyeishi kwa mila au kwa dini ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Mgogoro wa ardhi una njia yake nyingine, iliyowekwa na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002: baraza la kijiji, baraza la kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu.

Mama mmoja mjane alinijia na bahasha ya kaki. Ndani yake kulikuwa na uamuzi wa baraza la kata, umepigwa muhuri, umesainiwa na wajumbe wote, ukisema ameshinda. Alikuwa na furaha. Ilinibidi nimwonyeshe tarehe. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyaondolea mabaraza ya kata uwezo wa kuamua nani mwenye ardhi, yakabaki na kazi ya kusuluhisha ndani ya siku 30. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda Baraza la Wilaya. Uamuzi wake ulikuwa umetolewa baada ya marekebisho hayo, kwa hiyo haukuwa na nguvu. Tulianza upya, safari hii mahali panapostahili.

3. Siku za rufaa hazimsubiri mtu

Aliyeshindwa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Shauri lililoanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lina siku 45 za kufika Mahakama Kuu. Mkulima mmoja wa tumbaku, mtu makini na mwenye hoja nzito, alisubiri kwanza soko la tumbaku lifunguliwe apate nauli na pesa za kuandikiwa rufaa. Fedha zilipopatikana, siku zilikuwa zimekwisha.

Sheria inaruhusu kuomba kuongezewa muda, lakini Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba mwombaji lazima aeleze kila siku aliyochelewa, hata ikiwa ni moja. Tangu hapo, mtu akitoka kusomewa hukumu, jambo la kwanza ninalofanya ni kuandika kwenye jalada la karatasi zake tarehe ya hukumu na tarehe ya mwisho ya rufaa, kwa wino unaosomeka. Mambo mengine tunazungumza baadaye.

4. Utaratibu nao ni haki

Watu huudhika wakisikia hukumu imefutwa "kwa sababu ya utaratibu tu". Mimi pia nilikuwa naona uchungu huo. Lakini chukua mfano wa Mabaraza ya Ardhi na Nyumba, ambako mwenyekiti aliketi na wazee wa baraza. Hukumu nyingi zilifutwa na mahakama za juu kwa kuwa maoni ya wazee hao hayakusomwa mbele ya wadaawa kabla ya hukumu. Mdaawa asiyesikia maoni hayo anajuaje kama wazee waliokuwa wanamsikiliza walimwelewa, na kama mwenyekiti aliyazingatia? Tangu nilielewe hilo, nawashauri watu wakae barazani hadi mwisho na waandike kilichosomwa na ambacho hakikusomwa.

5. Shauri dogo la kijijini linaweza kubadili nchi

Kisa ninachokisimulia mara nyingi ni cha Holaria Pastory wa Kagera. Alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo akidai kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana na mpwa. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizo ndani ya Katiba.

Mabinti wa Unyamwezi wanaogombania mashamba ya baba zao leo wanasimama juu ya uamuzi ulioanzia Mahakama ya Mwanzo.

6. Mahakama hutamka, Bunge hutunga

Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alishinda Mahakama Kuu dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, au 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mahakama ya Rufani iliuthibitisha ushindi huo mwaka 2019. Serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja kuirekebisha sheria kupitia Bunge, na mwaka ule ukapita bila marekebisho. Jaji hana kalamu ya kuandika sheria mpya. Sehemu hiyo ni ya wabunge, na wabunge tunawachagua sisi.

Hakimu, tofauti na mbunge, hatumpigii kura, ingawa si hivyo kila mahali. Nchini Marekani kila jimbo lina gavana wake, bunge lake na mahakama zake, na katika majimbo mengi hata majaji hupigiwa kura. Kwetu Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi na Mahakama Kuu yake, lakini Bara mhimili wa mahakama ni mmoja kuanzia Mahakama ya Mwanzo, na hakimu haombi kura kwa yeyote. Anachohitaji kutoka kwetu ni ushahidi na utiifu kwa hukumu.

Ndugu msomaji, usisubiri mgogoro ukufike. Ijue Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nawe, tunza nakala ya kila karatasi uliyowahi kusaini, na ukishindwa shauri, hesabu siku zako kuanzia siku hiyohiyo. Msaada wa kisheria kwa asiyejiweza hautozwi pesa, na kuuomba ni haki yako.